Pangani Ilibomolewa Mara Mbili

Ukipanda matatu ya Thika Road kutoka tao, kabla hujamaliza kutafuta sarafu za nauli konda ashaanza: "Pangani wa kushuka!" Watu wanashuka, wengine wanavuka kuelekea Juja Road, wengine wanashika njia ya Mathare, wengine wanarudi Ngara kwa miguu. Tangu barabara ile kubwa ifunguliwe 2012, Pangani kwa wengi wetu ni daraja tu, mahali ambapo magari yanapita chini ya magari mengine. Sijawahi kuona mtu akishuka pale akiwaza kwamba amekanyaga mtaa uliobomolewa mara mbili.

Ya pili mnaikumbuka, si ya kale. Karibu mwaka wa 2020 nyumba za kaunti pale Pangani ziliangushwa ili zijengwe flati za bei nafuu. Ya kwanza ilikuwa 1939, na hiyo ndiyo nataka tuiongelee leo, kwa sababu mtaa ninaoishi, Shauri Moyo, ulijengwa ili Pangani hiyo ya kwanza ipate kubomolewa. Na kuna kitu ndani ya stori hiyo kinachotuhusu saa hii, hasa sisi tunaolala kwenye vyumba vya mabati nyuma ya nyumba za watu.

Mimi si mwanahistoria wa vyeti. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kupatikana, kwa hivyo hapa hakuna profesa wa kunipa alama. Nilichonacho ni miguu, simu, maktaba ya Kaloleni ambayo si mbali na kwetu, na nyanya mmoja mwenye nyumba tunamopanga. Huyo nyanya mtamsikia zaidi hapo mbele.

Tuanze na kijiji chenyewe. Reli ilifika Nairobi mwisho wa Mei 1899, na watu wakafika nayo. Si Wazungu na Wahindi tu kama vitabu vya shule vinavyopenda kusema. Walikuja wapagazi wa misafara, wapishi, maboi, askari waliomaliza kazi, wafanyabiashara wa Kiswahili kutoka pwani, Wakamba, Wakikuyu, Wanubi, Wanyamwezi, na wanawake waliotoka kwao kwa sababu zao. Serikali ya mkoloni haikuwa imewapangia mahali pa kulala. Ilitaka wafanye kazi mchana, na usiku kila mtu ajue shauri lake. Basi wakajijengea. Vikazuka vijiji kuzunguka mji: Mji wa Mombasa, Maskini, Kaburini, Pangani. Sikiliza majina yenyewe. Pangani ni mji wa kale wa pwani ya Tanzania, pale mto Pangani unapoingia baharini, na ni moja ya bandari walizozijua vizuri watu wa misafara. Jina likapanda bara pamoja nao, likatua kando ya njia iendayo Muthaiga.

Nyumba zilikuwa za Kiswahili. Ukuta wa miti na udongo, mlango wa mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba kushoto na kulia, uani nyuma kwa kupikia na kuoga. Paa wengi waliezeka kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kubapizwa. Kama umewahi kutembea Kamukunji ukaona fundi akifungua pipa la chuma na kulifanya sanduku la shule, basi umeona ujuzi uleule ukifanya kazi nyingine. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja, vingine akapangisha. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara. Mji ulikuwa na wafanyakazi kuliko vitanda, na mwenye vyumba sita Pangani hakulala njaa.

Sasa kuna jambo ambalo hatukufundishwa shuleni. Sehemu kubwa ya wenye nyumba hao walikuwa wanawake. Mwanahistoria mmoja, Luise White, alikuja Nairobi miaka ya 1970 akakaa chini na wazee wa Pumwani na Shauri Moyo akiwahoji, na kitabu chake kuhusu malaya wa Nairobi ya ukoloni kilitoka 1990. Naam, malaya. Wengine wa wanawake hao walipata pesa kwa njia hiyo, wengine kwa kupika pombe, wengine kwa kuuza chakula, na wengi kwa kuchanganya. Pesa hawakuila yote. Walinunua miti, wakaita mafundi, wakajenga. Najua kuna watu wataingia kwenye komenti na Biblia au msahafu, na nawaheshimu, lakini nawauliza jambo moja: taja njia nyingine ambayo msichana aliyefika Nairobi mwaka wa 1915 bila mume na bila ng'ombe angemiliki nyumba kwa jina lake. Kijijini ardhi ilipitia kwa wanaume. Kwa Mzungu kazi za ndani zilikuwa za wanaume pia, hadi upishi na uyaya wakati mwingine. Pangani ilimwachia mwanamke nafasi ambayo kwingine haikuwepo.

Kisha likaja kipande. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1910 kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kutembea na karatasi ya kazi ndani ya kibati kilichoning'inia shingoni, imeandikwa anafanya kazi kwa nani na ameachwa lini. Bila hiyo, ndani. Wanawake hawakuvishwa kipande. Mwanamume wa Nairobi alikuwa mtu wa mkataba: leo yuko, kesho ameandikwa shamba la mkonge huko. Mwanamke mwenye nyumba ndiye aliyebaki. Kwa hivyo ukiuliza ni nani waliokuwa wenyeji wa kwanza wa mji huu, wenyeji kwa maana ya kukaa, jibu liko kwenye zile nyumba za madebe.

Wengi walisilimu. Dini ilikuwa dini, sina haja ya kuingia kwenye mioyo ya watu, lakini ilileta pia jamaa mpya na utaratibu wa mirathi. Mwanamke aliyekatwa na ukoo wake aliweza kumwachia binti yake nyumba, au mtoto wa kulea, au rafiki waliyeshikana kama ndugu. Shikilia hilo la mirathi, tutalirudia.

Mkoloni hakufurahia. Nairobi ilipopewa manispaa mwaka wa 1919, maofisa walikuwa tayari wanazungumza juu ya kuwaondoa Waafrika kwenye vijiji vile na kuwaweka mahali pamoja palipopimwa. Walisema ni afya, na kusema ukweli tauni na maradhi mengine yalikuwepo, si uongo wote. Lakini pia walitaka kujua nani analala wapi. Mapema miaka ya 1920 wakafungua Pumwani. Pale manispaa ilipima ploti na kuweka maji na vyoo, na mtu akajijengea nyumba yake juu ya ploti ya kukodi. Ndiyo maana hadi leo kunaitwa Majengo: watu walijenga wenyewe. Vijiji vingine vikabomolewa mmoja baada ya mwingine, Mombasa, Maskini, Kaburini. Pangani ilikuwa kwenye orodha pia.

Lakini haikubomolewa. Pumwani ilijaa kabla watu hawajaisha. Ukibomoa Pangani, watu wote wale watalala wapi, na kesho nani atampikia Mzungu chai? Basi Pangani ikaachwa isimame, huku ikiambiwa kila wakati kwamba siku zake zinahesabika. Kungoja huko kulichukua zaidi ya miaka 15.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hii sehemu huwa inarukwa. Vitabu husema "Pangani ilibomolewa 1939" kana kwamba ni siku moja. Ebu fikiria mama mwenye nyumba mwaka wa 1926. Ukuta umepasuka wakati wa mvua za masika. Anaambiwa kijiji kitavunjwa. Anatengeneza ukuta au haatengenezi? Akitengeneza, ametupa pesa. Asipotengeneza, nyumba inazeeka, mpangaji analalamika, halafu ofisa wa afya anakuja na daftari anaandika: nyumba hizi ni chafu na zimechakaa, zivunjwe. Notisi inaharibu nyumba kwanza, kisha nyumba iliyoharibika inatumiwa kuitetea notisi.

Sihitaji kufikiria sana kulielewa hilo. Mwaka wa 2018 serikali ilipotaja mahali pa kujenga nyumba za bei nafuu Nairobi, Shauri Moyo ilikuwa kwenye orodha, pamoja na Makongeni, Starehe na Park Road ya Ngara. Nilikuwa bado shule. Tangu siku hiyo nimesikia sentensi moja mtaani mara mia: "Ya nini kupaka rangi, na wanabomoa?" Mfereji ukivuja, wanabomoa. Mlango ukilegea, wanabomoa. Jamaa mmoja wa laini yetu alikuwa aoe na ajenge chumba cha pili nyuma, akaahirisha chumba, harusi nayo ikaahirika. Mtu akipita na kamera leo atasema tazama hawa watu wa Eastlands, hawajali mtaa wao.

Turudi nyuma. Mwaka wa 1938 manispaa ilianza kujenga kwa mawe mtaa mpya, kusini mwa Pumwani, wa kuwapokea wenye nyumba wa Pangani. Watu wakaupa jina wenyewe: Shauri Moyo. Ukiuliza maana yake mtaani utapata majibu mawili. Wapo wanaosema ni jina tamu, mahali ambapo moyo wako umeshauriana ukaridhika. Wazee walioshikilia stori ya Pangani wanasema hapana. Wanasema watu walipouliza, "Na tusipotaka kwenda?" wakajibiwa kwamba hilo ni shauri la mioyo yao, nyumba zitavunjwa vivyo hivyo. Mimi nasimama na wazee. Waswahili hawaiti mahali pa raha "shauri". Neno hilo unalisikia mtu akinawa mikono: shauri yako.

Mwaka wa 1939 Pangani ikaondoka. Na hapa ndipo lile la mirathi linaporudi. Pangani mama alikuwa na nyumba. Labda ya udongo, labda paa linavuja, lakini yake: anapangisha, anauza, akifa anaacha. Shauri Moyo alipata nyumba ya mawe, safi, yenye paa la maana, na haikuwa yake. Ilikuwa ya manispaa. Kwa macho ya mpiga picha hiyo ni hatua mbele, udongo umekuwa jiwe. Kwa macho ya mwenyewe, mwenye nyumba amekuwa mpangaji. Mmoja anaona ukuta, mwingine anaona karatasi.

Nyanya niliyemtaja ni mjukuu wa mama mmoja wa hao. Yeye amezaliwa Shauri Moyo, yuko kwenye miaka ya themanini sasa, na ile nyumba ya Pangani anaijua kwa kusimuliwa na mama yake tu, lakini anaijua kama ameishi ndani. Jioni moja baada ya magharibi nilimkuta kibarazani, nikamwamkia shikamoo, akaniitikia, nikakaa chini. Nikamuuliza bibi yake alikuwa na vyumba vingapi.

"Sita," akasema. "Kimoja chake, kimoja cha mama yangu na watoto wengine aliokuwa akiwalea. Vinne vya watu."

"Watu gani, Nyanya?"

Akavitaja kwa vidole. Chumba cha mpishi wa Mzungu wa Muthaiga. Chumba cha fundi cherehani. Chumba cha wale vijana wawili wa reli. Na cha mwisho karibu na uani, cha mama aliyeuza maandazi.

"Na walipovunja, nyinyi mkaja huku. Hao wengine walienda wapi?"

Akatazama barabarani kidogo. "Walienda zao."

Nimelala na hilo neno wiki kadhaa. Walienda zao. Kwa sababu hilo ndilo jambo lililo chini ya stori nzima. Waliohesabiwa 1939 walikuwa wenye nyumba. Shauri Moyo ilijengwa kwa hesabu ya milango. Lakini ndani ya kila mlango wa Pangani kulikuwa na vyumba vinne, vitano, vya watu ambao majina yao hayakuwa kwenye daftari la mtu yeyote, na hao ndio waliokuwa wengi. Walijibana Pumwani, chumba cha watu watatu kikawa cha saba. Vita vya pili vya dunia vikaanza mwaka uleule, kazi zikaongezeka mjini, vyumba havikuongezeka. Msongamano wa Majengo ambao maofisa waliulalamikia miaka yote ya 1940 haukuanguka kutoka mbinguni. Sehemu yake waliutengeneza wenyewe kwa kuhesabu milango.

Na Pangani yenyewe? Haikubaki ukiwa. Nairobi ya siku hizo iligawanywa kwa rangi: Wazungu magharibi kwenye miinuko, Waafrika mashariki kwenye tambarare, na Wahindi katikati, Ngara, Parklands, Eastleigh, Pangani. Zikajengwa nyumba za mawe za Waasia ambazo nyingine bado unaziona ukitembea nyuma ya barabara. Kijiji kile cha nyumba za madebe hakina hata kibao pale. Jina tu, na konda wa kuliita.

Shauri Moyo nayo ikaendelea na maisha, nami sitaweza kusimulia yote. Jirani yetu soko la Burma lilipata jina kutoka kwa askari Waafrika waliopelekwa kumpigania Mwingereza kule Burma mnamo 1944 na 1945. Novemba 1952 Tom Mbotela, diwani na mwanachama mkubwa wa KAU, aliuawa. Mtaa unaobeba jina lake uko hapa chini, kama vile mitaa ya Ofafa inavyobeba jina la Ambrose Ofafa, naye diwani, aliyeuawa baada yake. Tarehe 24 Aprili 1954 askari walizingira Eastlands alfajiri katika ile wanayoita Operation Anvil, wakawatenga Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakawapakia kwenye malori kwenda Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Siku hiyo karatasi ilimaanisha kulala kwako au kulala kambini. Tarehe 7 Julai 1990, Saba Saba, watu walikwenda uwanja wa Kamukunji kudai vyama vingi, wakakutana na polisi. Yote hayo yako umbali wa kutembea kutoka kitandani kwangu. Kuna watu wanasafiri kwenda nje kuona historia, sisi tunairuka tukienda kununua sukuma.

Lakini kama unataka kuijua Shauri Moyo, tarehe hazitoshi, njoo usikilize. Saa moja asubuhi nyundo za Kamukunji zinaanza. Masanduku, majiko, karai, mitungo, mashine za kukata nyasi, kila kitu kinapigwa kwa mkono. Mgeni hulala kwetu usiku mmoja akalalamika. Sisi tunaamka zikinyamaza, tukijua ni Jumapili au kuna vurugu. Adhana, kisha nyundo, kisha mikokoteni ya mitumba ikielekea Gikomba. Nyanya anasema alipokuwa msichana sauti ya asubuhi ilikuwa mafagio tu, kila mlango mtu anafagia mbele yake, na ukipita bila kuamkia unaitwa nyuma urudie. Hivyo vyumba vya mabati nyuma ya nyumba havikuwepo. Vilianza kuota kidogo kidogo, watoto walipokua na nyumba zilipokosa kukua nao. Kwanza vya watoto wa kiume, halafu vya kupangisha.

Sasa Pangani ya pili. Pale kulikuwa na familia 48 za wapangaji wa kaunti. Mpango ulikuwa nyumba 1,562 mahali pao. Niwe muungwana: hawakutendewa kama 1939. Walipewa pesa za kupanga kwingine wakati wa ujenzi na kuahidiwa kwamba watakuwa wa kwanza kununua. Kuna mikutano ilifanyika, kuna karatasi zilitiwa sahihi. Mtu akiniambia hakuna kilichobadilika tangu mkoloni, nitambishia. Kimebadilika sana. Hata wazo lenyewe la kujenga juu badala ya kwenda pembeni mimi nalikubali, mji umejaa, huwezi kuweka watu milioni nne kwenye nyumba za chini zenye ua.

Ninachokiangalia mimi ni hesabu inapoanzia. Bado inaanzia kwenye mlango. Jina lililo kwenye rejista ya kaunti ndilo linalojulikana. Kwenye nyumba yetu jina hilo ni la nyanya, alilirithi kwa mama yake kwa njia ya kuhamishiwa upangaji. Nyuma ya nyumba yake kuna vyumba vinne vya mabati. Mimi, mama yangu na mdogo wangu tuko kimoja. Cha pili kuna fundi wa viatu na mke wake. Cha tatu vijana wawili wa mkokoteni Gikomba. Cha nne mama anayeuza chapati na maharagwe pale stendi. Umeona? Mpishi, fundi, vijana wawili, mama wa maandazi. Siku ile nyanya alipokuwa akihesabu kwa vidole nilisikia kama anatusoma sisi.

Nilimwambia hivyo. Hakupenda. Akasema, "Nyinyi ni watu wangu. Mimi nikienda tunakwenda pamoja." Naamini anamaanisha. Lakini bibi yake pia lazima aliwapenda wapangaji wake, hata vyumba vyao vimehifadhiwa kwa majina hadi kwa mjukuu. Kupendwa na mwenye rejista hakukuingizi kwenye rejista.

Wengine watasema, si mjiandikishe Boma Yangu kama kila mtu? Nimejiandikisha. Mama pia. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 1.5 kila mwezi tangu sheria ya nyumba za bei nafuu ipite 2024, na mwenye kuuza chapati anaweka anapoweza. Lakini hiyo ni foleni ya nchi nzima. Hainitambui kama mtu ambaye amelala miaka kumi na minane mahali hapa panapotaka kujengwa. Mtu wa Kileleshwa na mimi tuko sawa mbele ya ile mashine, na hiyo si haki kama inavyoonekana, maana yeye hahamishwi.

Ninachotaka si kikubwa. Kabla tingatinga halijafika mtaa wowote wa zamani, iwe Shauri Moyo, iwe Ziwani, iwe Jericho, watu wahesabiwe kwa vitanda, si kwa milango. Karani aingie hadi uani. Aandike aliyelala humo, tangu lini, na anafanya kazi gani karibu, kwa sababu mama wa chapati akipelekwa kilomita 20 hajahamishwa nyumba tu, amefutwa biashara. Hili si jambo la sayansi ngumu. Sensa ya 2019 ilitufikia hadi kwenye mabati usiku, wakatuhesabu mmoja mmoja kwa tochi. Wakitaka wanaweza.

Nasi tusiwangoje. Nimeanza daftari, la kawaida tu la kurasa 96. Laini yetu ina nyumba kumi na mbili. Kufikia Jumamosi nilikuwa nimemaliza saba, nimepata milango 7 na watu 94. Baadhi walikataa kunipa majina, wakadhani natumwa na kaunti au na mwanasiasa, na siwalaumu. Wengine waliniita nirudi niongeze mtoto aliyezaliwa juzi. Nyanya aliposikia, akataka kurasa mbili za mwanzo zisiandikwe watu wa leo. Akanisomea ile nyumba ya Pangani, chumba kwa chumba. Jina la mpishi analijua. Fundi cherehani anajua jina la utani tu. Wale vijana wa reli mmoja alikuwa Mkamba, mwingine hakumbuki. Mama wa maandazi hana jina, mama yake alimwita "jirani wa uani" siku zote.

Kama ulikulia Pumwani, Majengo, Shauri Moyo, Ziwani au Eastleigh na kwenu kuna mzee aliyesikia habari za Pangani ya zamani, muulize wiki hii. Usimuulize maswali ya mtihani. Muulize vyumba vilikuwa vingapi na nani alilala kipi, halafu nitumie: jina kama lipo, kazi yake, na kama kuna anayejua, walikwenda wapi. Kurasa ziko.